KUCHORA JUU YA KIOO CHA KOMPYUTA: SOMO KUTOKA BONDE LA KILOMBERO

Chaki ina sifa moja ambayo picha iliyochapishwa haina: humwonyesha mwanafunzi jinsi mchoro unavyozaliwa. Mwalimu anapochora mto ubaoni, mstari huanzia mahali fulani, hupinda na kugawanyika, na jicho la mwanafunzi huufuata mkono hatua kwa hatua. Picha iliyokwisha kukamilika humfikia mwanafunzi yote kwa mara moja, naye huenda asijue aanzie wapi kuitazama. Kwa hiyo projekta ilipoingia madarasani ilileta faida pamoja na hasara: picha zilikuwa bora zaidi, lakini mkono wa mwalimu ulitoweka. Programu za kuchora juu ya kioo cha kompyuta huurudisha mkono huo.

Wazo la kuchora kiooni si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya nuru. Programu zinazozungumzwa hapa ni nyepesi zaidi. Kazi yake ni kutia alama juu ya picha yoyote iliyopo kiooni wakati somo linaendelea.

1. Mfano wa bonde

Mji wa Ifakara umo katika Bonde la Kilombero, baina ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Uwanda wa mafuriko wa bonde hili una urefu wa kilometa zipatazo 260 na upana unaofikia kilometa 52. Mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Chukua mfano wa mwalimu anayeonyesha picha ya bonde hili iliyopigwa na setilaiti wakati wa kiangazi. Mto unaonekana kama nyuzi nyembamba. Mwalimu anataka wanafunzi waone mahali ambapo maji huenea wakati wa masika, na mahali ambapo mbu wa malaria wanaweza kuzaliana. Anachora mstari wa buluu kuuzunguka uwanda, kisha anatia duara jekundu penye mabwawa. Je, nini kimetendeka ndani ya kompyuta?

2. Kioo ni jedwali la nukta

Picha ya kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, zilizopangwa kwa safu na mistari. Kioo chenye nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu kina jumla ya nukta 1,049,088. Kila nukta huelezwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Namba ya nne hueleza wangavu wake. Kila namba ikichukua baiti moja, tabaka moja la kioo hicho lahitaji baiti 4,196,352.

Programu inaweza kuweka wino kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, hunakili picha yote iliyopo kiooni, kisha huonyesha nakala hiyo badala ya kioo chenyewe. Mwalimu huchora juu ya nakala. Hiyo ndiyo njia itumiwayo na ZoomIt, programu isiyolipiwa iliyoandikwa na Mark Russinovich, katika uchoraji wake wa kawaida. Kwa sababu hiyo, kama kuna filamu inayoonyeshwa, itaonekana imesimama wakati mwalimu akichora.

Katika njia ya pili, programu hutandika juu ya kioo dirisha lililo angavu kabisa, mfano wa karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya ramani. Wino hukaa kwenye plastiki, na filamu iliyo chini yake huendelea. Gromit-MPX, itumikayo katika kompyuta za Linux, ni mfano wa njia hii.

Katika njia zote mbili, picha ya asili haiguswi. Programu ikifungwa, wino hutoweka na picha hubaki kama ilivyokuwa.

3. Wino usioziba

Mwalimu akitaka kukoleza eneo bila kulifunika, hutumia wino ulio nusu angavu. Hapo kompyuta huchanganya rangi kwa kanuni hii:

rangi mpya = (a × wino) + ((1 − a) × picha)

ambapo a ni uzito wa wino, kati ya 0 na 1. Tuseme wino ni wa manjano (255, 255, 0), nukta ya msitu ni (40, 90, 50), na a ni 0.4. Nyekundu itakuwa 102 + 24 = 126; kijani 102 + 54 = 156; buluu 0 + 30 = 30. Msitu bado unaonekana, ila umepakwa umanjano.

4. Kuunganisha nukta

Kipanya hakitoi mstari. Hutoa orodha ya mahali kilipopita. Kipanya cha kawaida huweza kutoa taarifa mara 125 kwa sekunde. Mkono ukivuka nukta 1,000 kwa nusu sekunde, taarifa hupatikana kila baada ya nukta 16 hivi. Programu isipojaza nafasi hizo, mstari utakuwa kama shanga zilizotawanyika.

Jack Bresenham wa kampuni ya IBM alibuni mwaka 1962 njia ya kuchagua nukta zilizo karibu zaidi na mstari ulionyooka kwa kutumia namba kamili pekee. Kutoka (0, 0) hadi (6, 2), x inapoongezeka moja moja, y hupata thamani 0, 0, 1, 1, 1, 2, 2. Ngazi hizo ndogo, zikitazamwa kwa mbali, huonekana kama mstari mmoja.

5. Wino si ushahidi

Hapa ndipo penye jambo kuu la somo hili. Picha ya setilaiti ni kipimo. Duara jekundu ni dai la mwalimu. Maadamu matabaka mawili yametengana, mwanafunzi aweza kufuta wino na kuuliza: picha yenyewe yasema nini? Lakini mwalimu akihifadhi kioo chote kama picha moja, wino na kipimo huungana. Atakayeipokea picha hiyo bila maelezo aweza kudhani kwamba mpaka wa mafuriko ulipimwa, kumbe ulikisiwa.

Kosa kama hilo lina gharama. Mbu wa kundi la Anopheles funestus, ambao tafiti za karibuni zimeonyesha kuwa ndio waenezaji wakuu wa malaria katika sehemu za bonde hili, hupendelea maji yanayodumu yenye majani. Anopheles arabiensis hupenda madimbwi yaliyo wazi kwenye jua pamoja na majaruba ya mpunga. Duara likiwekwa pasipostahili, dawa ya kuua viluwiluwi itapelekwa pasipo na viluwiluwi.

Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao walionyesha njia iliyo bora katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Wanakijiji wa bonde hili waliombwa waonyeshe kwenye ramani mahali wanapodhani pana mbu wengi. Alama zao hazikuchukuliwa kuwa ukweli uliokamilika, wala hazikudharauliwa. Zililinganishwa na idadi ya mbu walionaswa kwa mitego. Maarifa ya wenyeji yalionekana kuwa mwongozo wa kufaa. Hivyo ndivyo wino unavyopata heshima yake: kwa kupimwa.

6. Kanuni za darasani

Katika ZoomIt, vitufe Ctrl na 2 huanzisha uchoraji, R huleta wino mwekundu, B wa buluu, E hufuta wino wote, Esc hufunga. Mwalimu afuate kanuni tatu: kila rangi iwe na maana moja, wino ufutwe kabla ya hoja mpya, na picha ikihifadhiwa, ihifadhiwe mara mbili, moja ikiwa na wino na nyingine bila wino.

ZOEZI

1. Tabaka moja la kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 lahitaji baiti ngapi?
2. Wino mwekundu (255, 0, 0) wenye a = 0.5 umepakwa juu ya nukta (100, 200, 60). Tafuta rangi mpya.
3. Tumia karatasi ya miraba kuchagua nukta za mstari kutoka (0, 0) hadi (8, 3).
4. Chora ramani ya kijiji au mtaa wenu. Juu ya plastiki angavu, tia alama penye maji yaliyotuama kwa kukisia. Nenda ukahakiki. Ni alama ngapi zimethibitika?