Kujinusuru Pale Linux Inapokwama Katika Kuhamia Toleo Jipya

Kila baada ya miaka 2, katika mwezi wa Aprili, wenye kutumia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux uliojengwa juu ya Debian, hupata toleo lililoahidiwa matunzo ya miaka 5, na wengi wao hulihamia kwa salama. Lakini hutokea umeme ukakatika, au diski ikajaa, au intaneti ikapotea kazi ikiwa nusu, na kompyuta ikiwashwa tena haionyeshi ila kiza kitupu au safu za maandishi meupe, hata mwenyewe akaingiwa na taharuki, akadhani nyaraka zake zote zimeangamia. Dhana hiyo aghalabu ni batili, kwani kuhamia toleo jipya hubadili programu na mipangilio ya mfumo, ilhali nyaraka na picha za mtumiaji hukaa katika folda ya /home, ambayo haikusudiwi kuguswa. Anayeziangamiza, mara nyingi, ni mwenyewe, afanyapo pupa ya kutwaa flashi na kusakinisha mfumo mwingine juu ya diski nzima.

Basi jambo la kwanza ni kutoizima kompyuta maadamu kazi ingali inakwenda, hata ikichelewa. Na ikiwa imekwisha zimika, iwashe huku ukishikilia kitufe cha Shift, au katika kompyuta za kisasa ukibonyeza Esc, mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayouamsha mfumo. Hapo pana mstari wa machaguo ya ziada, na ndani yake vimeorodheshwa viini (kernel) vya Linux vilivyomo. Maana kiini kipya kinapoletwa, cha zamani hakiondolewi papo hapo, nacho yamkini kikaiamsha kompyuta ambayo kipya kimeshindwa kuiamsha. Kila kiini kina pia njia yake ya uokoaji, na humo utakuta neno root, ambalo hukufungulia uwanja wa kuandikia amri ukiwa na mamlaka yote ya mfumo.

Anza na mount -o remount,rw / ili diski ikubali kuandikwa, kisha df -h uone nafasi iliyobaki, hasa katika /boot, ambayo ikiwa imetengwa peke yake huwa ndogo na hujazwa upesi na viini vya zamani. Kisha andika dpkg --configure -a. Vifurushi vya programu, kazi ilipokatika, vilikuwa mfano wa mizigo ya mhamaji iliyokwisha shushwa mlangoni isipangwe vyumbani. Amri hii huipanga, wala kwa kawaida haihitaji intaneti. Baada yake apt --fix-broken install hutafuta vilivyokosekana, na hii yaweza kuihitaji intaneti. Soma inachotaka kufanya kabla ya kuikubalia, na ikikusudia kuondoa vifurushi vingi usivyovijua, ikatae kwanza. Amri hizi mbili twaziweka mbele ya hila nyingine zote zinazosimuliwa, kwa kuwa hukamilisha kazi iliyoanzwa badala ya kuanza nyingine.

Zisipofaa, ndipo flashi yenye Ubuntu inapohitajika, si kwa kusakinisha bali kwa kuiendesha kompyuta pasi na kuandika chochote katika diski yake. Ifungue diski kutoka humo, na ikiwa ilifungwa kwa nywila itakudai nywila hiyo. Nakili /home yote kwenye diski ya nje, kisha soma kumbukumbu zilizomo /var/log/dist-upgrade, ambazo aghalabu hutaja kifurushi kilichokwamisha kazi. Wa kushukiwa kwanza ni kile kilichotoka katika ghala za watu wengine, ambazo mfumo huzisimamisha wakati wa kuhama. Nyaraka zikiwa salama, kusakinisha upya si fedheha.

Ama atakayehama kesho, na ajue kwamba kutoka toleo la 20.04 hakurukwi hadi 24.04 bila kupitia 22.04, na kwamba wenye matoleo ya matunzo ya muda mrefu kwa dasturi hawaitwi kuhama mpaka litoke rekebisho la kwanza, kama 24.04.1 la Agosti 2024; nasi twaona ni hadhari njema. Asiyekuwa na nakala ya nyaraka zake nje ya kompyuta hiyo, tunamsihi asianze.