D700 au 5D Mark II: Mtaji Mdogo Uingie Wapi?

Mwaka 2008 uliingiza sokoni kamera mbili ambazo hadi leo wapiga picha wanaoanza na mtaji mdogo hawajaacha kuziulizia. Ya kwanza ni Nikon D700, iliyotangazwa Julai 1 mwaka huo kwa bei ya dola za Marekani 2,999. Ya pili ni Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa Septemba 17 kwa dola 2,699. Bei hizo zilikuwa za mwili mtupu, bila lenzi. Warithi wake, D800 na 5D Mark III, walitangazwa mapema 2012, na tangu hapo bei za mashine hizi mbili zimeporomoka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana kijana anayetaka kufungua studio, au mwenye duka la picha anayetaka kuongeza huduma ya harusi, hujikuta ameshika moja mkono huu na nyingine mkono ule, asijue ailipie ipi.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba hapa hakuna mali ya kuweka akiba. Kamera si kiwanja cha Mbezi kinachopanda bei mwenyewe akiwa amelala. Ni chombo cha kazi, kama cherehani, na thamani yake iko katika kazi inayotoa kabla haijachoka. Kwa hiyo swali la mwekezaji mdogo si ipi nzuri zaidi, bali ni wateja gani watakaoilipa.

Kwa jumla zinafanana zaidi kuliko zinavyotofautiana. Zote zina kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24, zote hutumia kadi ya aina ya CompactFlash katika tundu moja, na viwanda vyote viwili vilizipima shata zake kwa mipigo 150,000. Shata ni lile pazia la ndani linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa. Tofauti inaanza pale watengenezaji walipoamua kukifanyia nini kihisi hicho.

Canon waligawa eneo lile katika megapikseli 21.1, Nikon wakaridhika na 12.1. Wauzaji hupenda sana kutaja tarakimu hizi, kwa kuwa mteja huelewa haraka kwamba 21 ni nyingi kuliko 12. Lakini hesabu ya karatasi ndiyo inayosema ukweli. Picha ya D700 ina nukta 4,256 kwa upande mrefu, na ya 5D Mark II ina 5,616. Kwenye ukurasa wa albamu wenye upana wa inchi 18, ya kwanza inatoa nukta 236 kwa inchi, ya pili 312. Bibi harusi akifungua albamu yake sebuleni hataona tofauti hiyo. Kwenye picha ya ukutani ya inchi 30, D700 inashuka hadi nukta 142 kwa inchi na Canon inabaki na 187. Hapo mtu akisogea karibu ataanza kuona. Anayelipwa kwa mabango ya duka, kalenda za kampuni au picha za bidhaa, ambapo mteja hukata kipande kimoja na kukikuza, ana sababu ya kweli ya kutaka megapikseli 21. Anayeuza picha za ukubwa wa posta hana. Na anayepiga picha za pasipoti asinunue hata moja kati ya hizi. Kazi hiyo hufanywa vizuri na kamera ndogo ya bei nafuu zaidi, na fedha iliyobaki ikanunua karatasi.

Megapikseli nyingi nazo zina kodi yake. Faili ghafi moja ya 5D Mark II huchukua kama megabaiti 26, wakati ya D700 ni kama nusu yake au zaidi kidogo. Harusi ya picha 1,000 kwa Canon ni takriban gigabaiti 26. Harusi 40 kwa mwaka ni zaidi ya terabaiti moja, na mteja akirudi baada ya miezi minane kudai picha ya shangazi yake isiyokuwa kwenye albamu, lazima faili liwepo. Kompyuta ya zamani ambayo ilikuwa ikifungua faili za megapikseli 12 bila taabu huanza kulemewa. Gharama hii haionekani dukani, lakini hulipwa kila wiki kwa saa za kusubiri.

Kwa upande wa kazi za ukumbini, Nikon ina haki ya kujidai. D700 ilipewa vituo 51 vya kulenga fokasi, 15 kati yake vikiwa vya aina ya msalaba, yaani vinavyosoma mistari ya wima na ya ulalo. Canon ilipewa vituo 9 vinavyoonekana, na cha aina ya msalaba ni kimoja tu, cha katikati. Mpiga picha wa Canon akiwa ndani ya ukumbi wenye taa hafifu hulazimika kulenga kwa kituo cha katikati, kisha kusogeza kamera apange picha yake, kisha kupiga. Kwa maharusi waliokaa kitini hilo halina shida. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza, wapambe mbele na nyuma, sekunde ile moja ya kusogeza ndiyo inayotoa picha yenye ukungu usoni. D700 pia ina kitaa kidogo cha kusaidia kulenga gizani pamoja na flashi iliyojengewa juu. 5D Mark II haina vyote viwili, hivyo anayeinunua kwa kazi za usiku aweke fedha ya flashi ya nje katika bajeti yake tangu siku ya kwanza.

Kuhusu chenga za gizani, zote mbili hufika ISO 6,400 kwa kawaida na kusukumwa hadi 25,600. Wapenzi wa Nikon husema mashine yao ina chenga chache, na picha zikitazamwa nukta kwa nukta kwenye kioo cha kompyuta ni kweli, kwa sababu kila nukta yake ni kubwa na hupokea mwanga zaidi. Zikichapwa kwa ukubwa mmoja tofauti hupungua sana. Kasoro ya Canon iko kwenye sehemu za giza zinapong'arishwa baadaye: hutokeza mistari kama ya kitambaa, na mistari hiyo huudhi jicho kuliko chenga. Suti nyeusi ya bwana harusi ni mahali pake hasa.

Kwa kasi, D700 hupiga picha 5 kwa sekunde na Canon 3.9. Anayelenga mechi za mpira au mbio za baiskeli aangalie zaidi kishikio cha ziada cha Nikon, MB-D10, ambacho huongeza kasi hadi picha 8. Kishikio hicho hukubali betri nane za kawaida za AA. Kwa mtu anayefanya kazi mikoani jambo hilo si dogo, maana betri za AA zinapatikana hata kwenye kioski cha stendi.

Hadi hapa mizani inaelemea Nikon. Lakini D700 haina video kabisa, na hapo ndipo 5D Mark II ilipojipatia jina. Ilikuwa kamera ya kwanza ya kihisi kikubwa cha aina hii kurekodi video ya mistari 1,080, na Mei 2010 mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao House ulionyesha kipindi cha kufungia msimu kilichopigwa kwa kamera hiyo. Mtu mwenye kamera moja akauza picha na filamu fupi ya harusi kwa mteja yule yule, hiyo ni bidhaa mbili kutoka kwa mtaji mmoja.

Mnunuzi asidanganyike kwamba ni kamera kamili ya video. Kila kipande hukoma faili likifika gigabaiti 4, karibu dakika 12. Nasaha za wazee zikirefuka, lazima mtu awepo wa kubonyeza tena. Tundu la maikrofoni lipo, la kusikilizia halipo, hivyo sauti mbaya hugunduliwa nyumbani wakati sherehe imekwisha. Fokasi haifuatilii mtu anayetembea. Ni kamera ya vipande vifupi vilivyopangwa, si ya kuachwa kwenye tripodi irekodi ibada nzima.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wanunuzi wa Afrika Mashariki. 5D Mark II ilipotoka ilirekodi kwa fremu 30 kwa sekunde peke yake. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na chini ya taa za tyubu video ya fremu 30 iliyopigwa bila uangalifu hupepesa, mwanga ukipanda na kushuka kama mshumaa. Dawa yake ilikuja Machi 2010, pale Canon walipotoa programu ya ndani toleo 2.0.4 iliyoongeza fremu 25 na 24. Kamera ya mtumba ambayo haijawahi kufanyiwa mabadiliko hayo bado ipo ilivyotoka kiwandani. Namba ya toleo huonekana kwenye menyu, na mnunuzi aisome kabla ya kulipa. Kubadilisha hakuna gharama, ila ni dalili ya jinsi mwenye mali alivyokuwa akiitunza.

Lenzi nazo huamua biashara kuliko wengi wanavyodhani. Tundu la Nikon la aina ya F lilianza 1959, na D700 ina mota ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi za Nikon zenye fokasi ya kujiendesha tangu miaka ya 1980 hufanya kazi nayo, na hata zile za mkono za kuanzia 1977 aina ya AI. Mzee mwenye studio aliyehifadhi lenzi zake za enzi ya filamu anaweza kuwa tayari amelipia nusu ya safari. Canon walibadilisha tundu lao 1987 walipoanzisha mfumo wa EOS. Lenzi za zamani za FD haziingii moja kwa moja. Lakini lenzi za EF zilizotengenezwa tangu mwaka huo zote huingia, nazo ni nyingi sokoni.

Kwenye betri Canon ina nafuu. Betri yake, LP-E6, ilianza na kamera hii na ikaendelea kutumika katika matoleo mengi yaliyofuata, hivyo bado hupatikana kwa urahisi. EN-EL3e ya Nikon ni ya kizazi cha D80, D90, D200 na D300, na kizazi hicho chote kimezeeka. Ya bandia zipo, baadhi nzuri, baadhi huvimba ndani ya kamera zikagoma kutoka.

Sasa hesabu ya kununua, ambayo ndiyo kiini cha somo la wiki hii. Chukua mfano wa kamera mbili za aina moja. Ya kwanza inauzwa Sh 900,000 na imepiga picha 90,000. Ya pili Sh 700,000 na imepiga 130,000. Kwa kipimo cha kiwanda cha 150,000, ya kwanza imebakiza picha 60,000, ambazo ni harusi 60 za picha elfu moja moja. Gharama ya kamera kwa kila harusi ni Sh 15,000. Ya pili imebakiza harusi 20, na kila moja inabeba Sh 35,000. Ile "ya bei nafuu" ni ghali zaidi ya mara mbili. Kipimo cha kiwanda si kiama, shata nyingine huvuka mbali na nyingine hufa mapema, lakini mwenye kupanga bei lazima aanzie mahali. Atakayeshindwa kuweka Sh 15,000 hizo pembeni kila baada ya harusi atajikuta siku ya kubadilisha kamera hana kitu.

Namba hiyo ya mipigo hupatikanaje? Kwa Nikon ni rahisi: imeandikwa ndani ya kila picha, na faili moja lililopigwa papo hapo likifunguliwa kwenye kompyuta kwa programu inayosoma maelezo ya picha litaitoa. Canon hii haiandiki namba hiyo kwenye picha. Inabidi kuiunganisha na kompyuta kwa waya na kuiuliza kwa programu maalumu. Muuzaji anayesema "imetumika kidogo tu, ilikuwa ya mzungu" na hataki kuunganisha waya, bei yake ishushwe kama vile shata imekwisha.

Mengine ni ya macho na mikono. Mpira wa kushikia wa D700 huwa na tabia ya kulegea na kubanduka. Si ugonjwa mkubwa, gundi hutosha, lakini ni hoja ya kupunguziwa bei. Kihisi hukaguliwa kwa kupiga picha ya anga au karatasi nyeupe kipenyo cha lenzi kikiwa kimebanwa hadi f/16. Madoa ya vumbi hufutika, mkwaruzo hauondoki. Mwisho, kifuniko cha kadi kifunguliwe na tundu limulikwe kwa tochi. Kadi ya CompactFlash huingia kwenye pini 50 nyembamba kama sindano, na pini moja iliyopinda kwa sababu ya kadi iliyosukumwa kwa nguvu inatosha kuifanya kamera nzuri isiandike picha hata moja.