Watu Mashuhuri wa Ituri

Kila nchi ina watu wake mashuhuri. Wengine husifiwa kwa vita, wengine kwa mali. Hawa watatu wanasifiwa kwa sababu walifanya kazi kwa ajili ya Ituri wakati wa shida.

Wa kwanza ni Apolo Kivebulaya. Yeye hakuzaliwa Ituri, alitoka Buganda. Mwaka 1896 alifika Boga, kusini ya Bunia, akiwa mwalimu wa dini wa Kanisa la Anglikana. Siku moja dada yake Chifu Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika majani marefu, akafa. Apolo akasingiziwa kwamba amemwua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Toro. Alipofunguliwa, je, alirudi kwao? La! Alirudi Boga, kwa watu wale wale. Mwishowe chifu mwenyewe alibatizwa. Apolo alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu mkubwa, kwa maana kazi yake huko ilikuwa haijaisha.

Wa pili ni Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea. Alifanya kazi Epulu, katika Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992. Vita vilipofika, wakubwa wengi walikimbia. Ewango alibaki. Alificha kompyuta, karatasi za kazi na majani ya miti yaliyokaushwa, yasiharibiwe na askari. Yeye mwenyewe alijificha msituni miezi mitatu. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman huko Marekani.

Wa tatu ni Julienne Lusenge, mwandishi wa habari wa redio. Mwaka 2000, mjini Bunia, yeye na wanawake wenzake walianzisha chama cha Sofepadi, ili kuwasaidia wanawake na wasichana walioumizwa vitani. Alitishwa, lakini hakunyamaza. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Katika kazi hii watu hawa hawakutumia bunduki, wala hawakuuliza kwanza, "Wewe ni wa kabila gani?" Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

MASWALI
1. Apolo alisingiziwa neno gani?
2. Kwa nini aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi?
3. Ewango alificha vitu gani?
4. Sofepadi ilianzishwa wapi, na kwa kazi gani?
5. Taja mtu wa kwenu aliyewasaidia wengine wakati wa shida. Alifanya nini?