Kioo Kinapobanwa kwa Kanieneo Kubwa

Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kilicho kikuu humo ni silika, yaani oksidi ya silikoni, ambayo katika mchanga huwa katika hali ya fuwele za kwazi. Silika tupu ikiyeyushwa kisha ikapozwa, haiurudii mpango wake wa fuwele. Huwa ngumu kabla atomu zake hazijapata nafasi ya kujipanga. Basi kioo ni kitu kigumu chenye muundo unaofanana na wa kimiminiko.

Hata hivyo, vurugu hiyo ina kanuni yake, kama W. H. Zachariasen alivyoeleza mwaka 1932. Kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni, zikafanya umbo la piramidi ndogo yenye nyuso nne. Na kila oksijeni huunganisha piramidi mbili. Katika fuwele piramidi hizo zimekaa kwa safu. Katika kioo zimeshikana pembe kwa pembe vilevile, lakini kila moja imegeukia upande wake, nazo hufanya mtandao wa pete za ukubwa mbalimbali. Ndani ya pete hizo mna uwazi. Ndiyo sababu sentimita moja ya ujazo ya kioo cha silika ina gramu 2.20, na ya kwazi gramu 2.65, ingawa atomu ni zile zile na kwa uwiano ule ule.

Uwazi huo ndio unaokipa kioo tabia zake za ajabu. Vitu vingi, kadiri vinavyobanwa, ndivyo vinavyozidi kukataa kubanwa. Kioo cha silika hufanya kinyume: mpaka kanieneo ifikie mara 20,000 au 30,000 ya ile ya hewa, huzidi kulegea. Piramidi zenyewe hazibonyei. Hujikunja penye maungio yake na kuingia katika uwazi. Kanieneo ikiondolewa, hukunjuka tena.

Lakini kuna mpaka. Mwaka 1953 P. W. Bridgman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946, alichapisha pamoja na I. Šimon matokeo ya kukibana kioo kwa kanieneo ya mara 100,000 ya hewa na zaidi. Kilipotolewa, hakikurudia ujazo wake wa kwanza. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kioo huweza kushindiliwa hivyo kwa kiasi cha moja ya tano, kikawa kizito karibu sawa na kwazi na bado kikawa kioo. Pete zilikuwa zimekatika na kuungana upya kwa mpango mwingine. Kikipashwa moto wa kutosha, hutanuka tena.

Ili kwenda mbali zaidi ilihitajiwa zana nyingine: kibano cha almasi, kilichobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanuni yake ni ile ya msharasi wa fundi viatu, kwamba nguvu ndogo juu ya ncha nyembamba huzaa kanieneo kubwa. Almasi mbili hukibana kipande kidogo sana cha kioo, na kwa kuwa eksirei hupenya almasi, atomu huweza kuchunguzwa zikiwa bado zimebanwa. Ikaonekana kwamba kati ya kanieneo za mara 200,000 na 400,000 hivi, piramidi zenyewe hushindwa. Kila silikoni hujipatia oksijeni za tano na sita. Masafa kati ya silikoni na oksijeni huongezeka kidogo, na huku kioo chote kinazidi kusongamana! Sababu ni kwamba majirani sita huhitaji nafasi kubwa kidogo kuizunguka silikoni, ila uwazi wa pete hutoweka.

Fuwele hufanya badiliko hilo kwa mruko. Stishoviti, iliyotengenezwa na S. M. Stishov na S. V. Popova mwaka 1961, ina oksijeni sita kwa kila silikoni na gramu 4.29 kwa sentimita ya ujazo. Mwaka uliofuata ilionekana katika kasoko ya kimondo huko Arizona. Kioo hubadilika polepole, na kanieneo ikiondolewa hurudi kwenye nne. Kioo cha oksidi ya germaniamu hubadilika mapema zaidi, kwenye kanieneo ya chini ya nusu ya ile ya silika.

Jambo hili linagusa historia ya Dunia yenyewe. Chini ya kilomita 660 kanieneo hupita mara 230,000 ya ile ya hewa, na miamba iliyoyeyuka huko ni vigumu kuipima. Kioo huchukuliwa badala yake. Karibu na uso wa Dunia mwamba ulioyeyuka hupanda kwa kuwa ni mwepesi kuliko ule mgumu unaouzunguka, na hivyo volkano hulipuka. Huko chini, silikoni zikiwa na oksijeni sita, myeyuko huweza kuwa mzito kuliko fuwele, hasa ukiwa na chuma kingi, ukazama badala ya kupanda. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba masalio ya myeyuko wa zamani yamebaki kwenye kina cha kilomita 2,900, juu ya kiini cha Dunia. Wengine hukumbusha, na kwa haki, kwamba kioo baridi si myeyuko wenye joto la nyuzi maelfu.