Kwako inafunguka, kwa mkuu wa chuo inagoma

*Mimi ni mkufunzi wa TEHAMA katika chuo cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini. Mkuu wa chuo alinipa kazi ya kuweka Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, ili wanachuo wapate notisi na majaribio wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliiweka kwanza kwenye laptopu yangu, ikakubali. Tukakodi seva ya Ubuntu, nikahamishia kila kitu huko. Mimi nikifungua, inafunguka vizuri. Wengine wote wakifungua wanaambiwa ukurasa haupatikani. Kwenye kikao cha wakufunzi niliionyesha kwa projekta ikakubali, mkuu akajaribu palepale kwa simu yake ikagoma, watu wakacheka. Kabla ya hapo seva ilikuwa inakataa kabisa, ikisema folda ya moodledata haiandikiki. Nikafuata ushauri nilioukuta mtandaoni, nikaandika chmod -R 777, ikatulia. Uzinduzi ni Jumatatu ijayo na usingizi sipati. Nimwambie mkuu nimeshindwa?*

Usimwambie hivyo, kwa sababu sioni ulichoshindwa. Naona kosa moja dogo lililokuaibisha mbele za watu, na kosa jingine kubwa ambalo halijakuaibisha bado. Nitaanza na lile dogo, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Ingia kwenye seva, fungua faili la config.php, tafuta mstari unaoanza na $CFG->wwwroot. Nina hakika karibu kabisa kwamba mbele yake pameandikwa http://localhost/moodle, kama palivyokuwa kwenye laptopu. Moodle ni kali sana kwenye mstari huo. Mtu akibisha hodi kwa anwani tofauti na iliyoandikwa pale, haimkaribishi. Inamwonyesha maneno ya Kiingereza kwa sekunde tatu hivi, kisha inakielekeza kivinjari chake kwenye anwani iliyoandikwa. Sasa localhost maana yake ni mashine hii hii ninayoitumia. Simu ya mkuu ilifika salama kwenye seva yenu, ikaambiwa ijitafute yenyewe, ikajitafuta, haikukuta Moodle ndani yake. Laptopu yako iliambiwa maneno yaleyale, ila yenyewe Moodle inayo, ile ya kwanza uliyoijaribia. Ikafungua hiyo.

Kwa hiyo kikao kizima kilikuwa kinatazama nakala ya kwenye laptopu. Ukitaka kuhakikisha, zima Apache, programu inayotoa kurasa, kwenye laptopu kisha ujaribu tena, au tazama kisanduku cha anwani mara ukurasa unapofunguka.

Kabla hujabadilisha mstari huo uonyeshe anwani halisi ya tovuti yenu, simama kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi. Kama umekuwa ukifungua laptopu ukidhani ni seva, basi kila somo uliloingiza, kila swali la jaribio na kila jina la mwanachuo uliloandika tangu siku ya kuhama liko kwenye laptopu. Seva ina hali ya siku ile uliyohama. Usifute chochote kwenye laptopu. Chukua nakala ya kanzidata na ya folda ya moodledata inayotunza mafaili yaliyopakiwa, uziweke kwenye diski ya nje, ndipo uendelee.

Sasa lile kubwa. Seva ilikataa kwa sababu ya umiliki wa mafaili. Ulipoyapandisha ukiwa umeingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, yote yakawa mali ya root. Apache kwenye Ubuntu haifanyi kazi kwa jina la root. Inatumia jina la www-data, na huyo www-data hakuwa na ruhusa ya kuandika ndani ya moodledata. Amri ya 777 iliondoa kizuizi kwa kumruhusu kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye seva asome, aandike na aendeshe mafaili yote ya Moodle. Ndani ya hayo limo config.php lenye nywila ya kanzidata, imeandikwa wazi. Umo pia msimbo wote wa Moodle. Siku mtu akipata upenyo mdogo kwenye programu yoyote hapo, atabandika msimbo wake katikati ya wenu, na wanachuo wataendelea kuingiza nywila zao bila kujua zinakwenda wapi. Ushauri wa 777 umejaa mtandaoni kwa sababu unanyamazisha kosa haraka. Unaniudhi sana, maana anayeupokea kwa kawaida ni kijana kama wewe, yuko peke yake usiku, hana wa kumuuliza.

Dawa yake ni ruhusa kidogo kwa mwenye haki. Msimbo uwe wa root, www-data ausome tu: chown -R root:www-data /var/www/moodle, kisha folda zipewe 755, mafaili 644, na config.php lenyewe 640. Folda ya moodledata itoke kabisa mahali ambapo kivinjari kinaweza kufika. Ihamishie /var/moodledata, urekebishe $CFG->dataroot ifuate, halafu uandike chown -R www-data:www-data /var/moodledata na chmod -R u=rwX,go= /var/moodledata. Moodle itaandika humo bila kumfungulia mlango mwingine yeyote.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingeitibu seva hiyo. Ningeiacha, nikodi nyingine tupu, nijenge upya. Seva yenye 777, ambayo pengine root anaingia kwa nywila tu, imekaa wazi kwenye intaneti, na majaribio ya kubahatisha nywila huanza muda mfupi tu baada ya mashine kuunganishwa. Pengine hakuna aliyeingia. Huwezi kujua kwa uhakika, na majina na alama za wanachuo si vitu vya kuweka juu ya pengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na chuo kinachokusanya taarifa za watu kinabanwa nayo.

Kujenga upya kutakupa faida nyingine ambayo naijali kuliko zote. Weka daftari pembeni, na kila amri unayoandika kwenye seva uiandike na humo, pamoja na sababu yake. Mara ya kwanza ulijaribu hiki na kile mpaka ikakubali. Leo nikikuuliza ulifanya nini hasa, sidhani kama utakumbuka. Seva ambayo huwezi kuijenga tena kwa kufuata maandishi yako mwenyewe haijafika hatua ya kukabidhiwa wanachuo. Daftari likikamilika, hata ukihamishwa kwenda kituo kingine, mwenzako atalifungua na kuendelea.

Kwa seva mpya, chukua Ubuntu 24.04. Inakuja na PHP 8.3, ambayo inaelewana na Moodle 4.5. Toleo hilo lilitoka Oktoba 2024, ni la msaada wa muda mrefu, na limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027. Kama laptopu, ambako data yako iko, ina toleo la zamani, weka kwanza toleo lilelile kwenye seva au panda ukiwa bado kwenye laptopu. Kanzidata ya toleo moja na msimbo wa toleo jingine visichanganywe kiholela. Na angalia maelekezo unayoyasoma ni ya toleo gani. Kuanzia 5.1, kwa mfano, mafaili yanayotazamwa na kivinjari yamewekwa ndani ya folda ya public, na Apache lazima ielekezwe humo. Anayefuata maelekezo ya zamani kwenye toleo hilo atahangaika bure.

Mengine ni mepesi. Ingia kwa ufunguo wa SSH, ufunge uingiaji kwa nywila. Washa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, uache milango ya SSH na ya tovuti tu. Pandisha max_input_vars kutoka 1000 hadi 5000 kwenye php.ini zote mbili, ya Apache na ya mstari wa amri. Chukua cheti cha Let's Encrypt kwa certbot kabla ya kuandika https kwenye wwwroot. Cron, kipanga-kazi cha seva, iendeshwe kila dakika kwa jina la www-data. Bila hiyo barua pepe nyingi hazitoki na kazi za nyuma ya pazia zinalala. Ukishabadilisha wwwroot, viungo vya zamani vya localhost vilivyomo ndani ya notisi havitajibadilisha vyenyewe. Kuna kifaa cha Moodle yenyewe kwenye admin/tool/replace, lakini kinagusa karibu kanzidata nzima, hivyo chukua nakala kwanza.

Nakala rudufu ndiyo kazi yako kuu kuanzia sasa. Vitu ni vitatu: kanzidata, moodledata na config.php. Vichukuliwe kila usiku, vipelekwe nje ya seva, kwa sababu nakala iliyo kwenye seva ileile inakufa pamoja nayo. Halafu ufanye jambo ambalo wengi hawalifanyi mpaka siku ya msiba: chukua nakala hiyo, uirejeshe kwenye mashine nyingine, uone kama inafunguka. Ukiirejesha, bila shaka utakumbuka kubadilisha wwwroot. Ongeza pia mstari wa $CFG->noemailever = true; kwenye config.php ya nakala ya majaribio, la sivyo inaweza kuanza kuwatumia wanachuo barua pepe za kweli.

Kuhusu uzinduzi wa Jumatatu, omba uahirishwe kwa wiki mbili, na umweleze mkuu ukweli wote kwa lugha anayoielewa: programu ilikuwa inaelekeza watu kwenye kompyuta yako, umeshajua sababu, na kabla ya kuingiza taarifa za wanachuo unataka kujenga seva iliyo salama. Mkuu wa chuo anaelewa neno usalama. Mwombe pia mambo mawili. La kwanza, akaunti ya seva na kikoa chenu cha .ac.tz viandikishwe kwa jina na barua pepe ya chuo, na malipo yapitie kwa mhasibu. La pili, mkufunzi mmoja wa kushirikiana nawe, mwenye ufunguo wake mwenyewe wa kuingilia.

Pengine mkuu atashangaa kuambiwa habari za bajeti wakati programu ni ya bure. Tangu Martin Dougiamas alipotoa toleo la kwanza huko Australia mwaka 2002, Moodle haijadai ada ya leseni, na kwa chuo chenye fungu dogo hilo ni jambo kubwa. Mwambie waziwazi kwamba kisicholipwa ni ada ya leseni. Seva na saa zako za kazi zinabaki kuwa gharama ya chuo. Zikihesabiwa leo, hazitabebwa mfukoni mwako kesho.

Wiki mbili zikiisha, anza na somo moja na darasa moja. Seva ndogo yenye RAM ya GB 1 inaweza kwenda vizuri wiki nzima, kisha ikaanguka dakika ile jaribio linapofunguliwa na darasa zima likaingia kwa pamoja: kumbukumbu inajaa, Linux inaamua kuua programu inayokula nyingi, na mara nyingi inayouawa ni MariaDB, programu ya kanzidata. Wanachuo wataona kosa la kanzidata. Wewe andika journalctl -k, utafute maneno Out of memory. Ukiyakuta, ongeza RAM. Usiguse kitu kingine.

Jizoeze hivyo kwa kila kosa. Soma kwanza /var/log/apache2/error.log, ndipo ubadilishe jambo, tena moja kwa wakati. Ukikwama wakati wa kuhama, niandikie tena, unibandikie mistari ishirini ya mwisho ya faili hilo na ukurasa wa daftari unaoonyesha amri ulizoandika kabla ya kosa kutokea. Nywila zifute kwanza.