Kisima Chako, Choo cha Jirani
Maelezo kwa wenye ploti, wapangaji na wauza maji wa Kawangware na Kibera

Kila mvua ndefu inapoanza, malalamiko hutufikia sisi maafisa wa afya kwa mtindo uleule. Mtoto wa chumba cha mbele anaharisha, kesho yake wa chumba cha pili, na kabla wiki haijaisha ploti nzima inapanga foleni kwenye choo kimoja. Tukifika tunaulizia maji. Mwenye ploti anatupeleka kisimani, anateka, anainua ndoo kwenye mwanga: "Angalieni wenyewe, hayana hata doa." Tunaangalia. Ni kweli, hayana.

Hatari yenyewe iko hapo. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi, havina harufu, havina ladha. Maji ya matope humfanya mtu asite, lakini maji meupe hunywewa bila swali.

Tunajua kwamba wengi wenu mkisikia "afisa wa afya" mnafikiria faini, au mtu aliyekuja kutafuta chai. Afisa halali ana kitambulisho, na malipo yoyote halali yana risiti. Dai vyote viwili, kisha tuendelee na maji.

Mita 30

Choo cha shimo kinapaswa kuwa mbali na kisima, angalau mita 30, na kikae upande wa chini wa mteremko. Sasa pima. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 tu kutoka ukuta hadi ukuta. Hata ukiweka kisima pembe moja na choo pembe nyingine, nyuma ya ukuta kuna choo cha jirani, na wewe hukuulizwa alipokichimba. Gatina, Kabiro na kwingineko Kawangware, ambako visima vifupi huchimbwa kwa mkono katikati ya vyumba vya kupangisha, hesabu hii haikubali hata ukiipindapinda. Mvua ikinyesha, maji ya ardhini hupanda, yanakutana na shimo la choo, na yale mnayoyateka alfajiri ni mchanganyiko.

Mnaodhani haya ni mambo ya mitaa ya mabanda mkumbuke London ya mwaka 1854. Pampu ya Broad Street ilisifiwa kwa maji matamu, kiasi kwamba mjane mmoja aliyehamia Hampstead, mbali na pale, alikuwa akiletewa maji yake huko kwa chupa. Kipindupindu kilimfuata hukohuko Hampstead. Daktari John Snow alishawishi wakuu wa mtaa waondoe mpini wa pampu. Uchunguzi wa baadaye ulikuta shimo la uchafu likiwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Aliyekunywa maji yale hakuwa mjinga. Aliyaamini macho yake.

Kibera ni habari nyingine kidogo. Visima virefu vya mashine, vikiwemo vile vilivyochimbwa kuanzia mwaka 2020 chini ya iliyokuwa Nairobi Metropolitan Services, huteka chini sana, na mara nyingi maji hutoka bila vijidudu. Shida huyakuta njiani. Mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Mgao ukija na presha ikishuka, kila ufa unavuta uchafu ndani. Ndiyo maana shirika la SHOFCO liliamua kupitisha mabomba yake juu ya milingoti, hewani, na sisi tunalipongeza kwa hilo. Muuza maji ambaye bomba lake bado limelala mtaroni asituambie chanzo chake ni kisafi. Hatukuuliza chanzo.

Cheti kilichotundikwa ukutani

Hili ndilo tunaloomba msomaji asiliruke. Cheti cha maabara kinaeleza maji ya chupa moja, ya siku moja. Hakielezi maji ya leo. Tumeona vyeti vilivyokwisha kufifia kwa jua vikionyeshwa wapangaji kana kwamba ni hati ya shamba. Kisima kipimwe kila mara baada ya mvua kubwa, baada ya mafuriko, baada ya choo kipya kuchimbwa karibu, na baada ya pampu kufunguliwa kwa ukarabati.

Tena usichote sampuli mwenyewe kwa chupa ya soda. Chupa ya maabara imetakaswa, na ndani yake kuna dawa kidogo ya kuzima klorini, kwa hiyo usiisuuze! Sampuli iwekwe kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Kinachotafutwa kwanza ni kijidudu cha kinyesi kiitwacho E. coli: katika mililita 100 za maji ya kunywa hakitakiwi kuonekana hata kimoja. Wako wanaomwaga klorini kisimani usiku wa kuamkia kipimo. Wanapata cheti kizuri. Wapangaji wao wanaendelea kuharisha, na ofisi hii si changa kiasi cha kutolijua hilo.

Kuhusu vibali tutasema kwa ufupi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamtaka anayechimba kisima cha mashine awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ina masharti yake. Anayeteka bila mitambo kwa matumizi ya nyumbani ana msamaha wa kibali. Mipaka ya msamaha huo ielezwe ofisini. Msamaha wa kibali haukuondoi chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Maji yako yakiwafanya watu waugue, ni kero mbele ya sheria, yawe na kibali au yasiwe nacho.

Nyumbani

Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, dakika moja nzima. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Weka kwenye mtungi wenye mfuniko. Kikombe cha kuchovya kwa mkono kinarudisha uchafu ulioutoa.

Kuchemsha hakuondoi kila kitu. Visima vingi virefu vya Nairobi vina floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto, na mashimo ya vyoo huongeza nitreti, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Hizi mbili zikichemshwa huzidi makali, kwa sababu maji hupungua nazo hubaki. Ni maabara tu inayozibaini, basi omba zipimwe kwa jina.

Ukipata notisi ya kufunga kisima, usivunje kufuli usiku. Kitafunguliwa kikishatiwa klorini, kikajengewa ukingo na mfuniko, na kupimwa upya. Kwa wakati huo maji yake yanafaa kusafishia choo na kunyweshea mjengo. Si ya kunywa, si ya kuoshea sukuma wiki, wala si ya kupigia mswaki.