Mshahara Mkubwa, Moyo Mzito

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mhubiri 2:4–24, Mhubiri 4:6–8, Kutoka 18:13–27, 1 Wafalme 19:1–8, Luka 3:12–14, Luka 5:27–32, Luka 19:1–10, Ayubu 29:11–17, Tito 3:13.

Fungu la kukariri: Mhubiri 4:6.

Katika ofisi kubwa za mawakili za Marekani na Uingereza, saa moja ya kazi hugawanywa mafungu kumi ya dakika sita. Kila fungu huandikwa, na mteja hutumiwa ankara yake. Malipo ni makubwa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha mawakili 12,825 wa Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 28 kati yao walikuwa na dalili za sonona, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la ulevi.

Hata katika Afrika Mashariki wako watu wenye mzigo kama huo, nao ni vigumu kuutamka. Mzazi aliuza shamba ili mtoto asome sheria. Wadogo zake wanasubiri ada. Kanisani anaitwa "wakili wetu", na wakati wa harambee macho yote humgeukia yeye. Mtu kama huyo akisema kwamba kila Jumatatu anaamka na uzito moyoni, nani atamwonea huruma? Wengi wanaomba usiku na mchana wapate kazi aliyo nayo.

Somo la juma hili halianzi kwa kuuliza kama mtu huyo aache kazi au abaki. Linaanza na swali ambalo Biblia huliweka mbele zaidi: anamfanyia nani kazi?

JUMAPILI
Hesabu za Mhubiri

Soma Mhubiri 2:4–11 na 2:17–24. Mhubiri alipata nini, na alikosa nini?

Mhubiri hakuwa mtu aliyeshindwa na maisha. Alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akakusanya fedha na dhahabu. Anakiri kwamba moyo wake ulifurahia kazi yenyewe ilipokuwa ikiendelea. Aliposimama na kuyatazama yote pamoja, ndipo alipoona upepo. Katika fungu la 17 anafikia hatua ya kuyachukia maisha.

Angalia kwamba haoni kosa katika kazi, wala hasemi fedha ni uchafu. Kosa ni kuitaka fedha itoe kitu ambacho haikupewa kutoa. Fedha inaweza kulipa kodi ya nyumba, hospitali na ada. Haiwezi kumwambia mtu kwa nini anaishi. Ndiyo maana fungu la 24 linarudisha furaha ya kazi mahali pake: inatoka mkononi mwa Mungu.

Sasa soma Mhubiri 4:7, 8. Hapo yupo mtu asiye na mwana wala ndugu. Kazi yake haina mwisho, macho yake hayashibi mali, na hajawahi kujiuliza anajitaabisha kwa ajili ya nani. Mtu anaweza kuwa na mke, watoto na simu iliyojaa majina, na bado akafanya kazi kama mtu huyu, kwa sababu wale anaosema anawatafutia hawamwoni. Anarudi wamelala, anaondoka hawajaamka.

Kwa kutafakari: Ukiulizwa leo unajitaabisha kwa ajili ya nani, je, hao utakaowataja wangekubaliana na jibu lako?

JUMATATU
Chini ya Mretemu

Soma Kutoka 18:13–27. Yethro aliona tatizo gani katika kazi ya Musa?

Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Wito wake ulitoka kwa Mungu, na kazi yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo baba mkwe wake alipomtazama kwa siku moja tu, alimwambia kwamba mzigo huo utamchosha yeye na watu pia. Hakumshauri aache kuamua. Alimshauri achague watu waaminifu, wagawane mashauri, naye abaki na yale mazito. Kazi njema ikibebwa vibaya humwangusha mtu mwema.

Soma pia 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alitoka kwenye ushindi mkubwa Karmeli, kisha akaketi chini ya mretemu akitaka kufa. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena, kisha mkate tena. Swali kuhusu utume wake lilikuja baadaye, pale Horebu.

Mpangilio huo una hekima. Mtu asiyelala vya kutosha kwa miezi mingi hawezi kujua vizuri kama amechoshwa na uwakili au amechoka tu. Barua ya kuacha kazi isiandikwe chini ya mretemu. Kwanza apumzike, ale, aongee na mtu anayemwamini. Huzuni ikidumu majuma kadhaa, ikaondoa usingizi na hamu ya kuishi, aende hospitali mapema. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Eliya naye alihudumiwa mwili kabla ya kuulizwa habari za roho.

Sabato nayo imo katika tiba hii. Kumbukumbu la Torati 5:12–15 inaiunganisha na kutoka utumwani Misri. Kwa mtu ambaye kila dakika sita zake zina bei, Sabato ni siku nzima ambayo haiwezi kuuzwa kwa mteja yeyote.

Kwa kutafakari: Ni nani "Yethro" katika maisha yako, mtu anayeweza kukwambia kwamba mzigo umekuzidi? Je, humsikiliza?

JUMANNE
Dhamiri Inapogonga Mlango

Soma Luka 3:12–14, Kutoka 23:1–8. Yohana aliwaagiza nini watoza ushuru na askari?

Kuna uzito wa moyo usiotoka kwenye uchovu. Wakili anaweza kulala saa nane, akala vizuri, na bado asipate amani, kwa sababu anajua alichoombwa kufanya mchana. Amejua kuna hati inayofichwa. Ameambiwa aombe kesi iahirishwe tena na tena mpaka mjane aishiwe nauli, aache kuja mahakamani. Amani ikitoweka hapo, ni kengele inalia. Kuizima kwa likizo ya ufukweni au kwa nyongeza ya mshahara ni hatari.

Si kila jambo linaloonekana gumu katika sheria ni dhambi. Kumtetea mtuhumiwa si kutetea uovu. Nikodemo, katika Yohana 7:50, 51, aliwauliza wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali hilo moja lilimletea dhihaka, lakini lilikuwa kazi safi ya mtu wa sheria.

Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waikimbie ofisi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwamini ni kuifanya kazi yake kwa haki mahali alipo. Akizuiwa kufanya hivyo, au akiamriwa kudhulumu kama sharti la kubaki, basi mlango umejifungua wenyewe, na Mithali 16:8 inampa hesabu mpya: kidogo chenye haki kinazidi kingi cha dhuluma.

Kwa kutafakari: Unawezaje kutofautisha kazi iliyo ngumu na kazi iliyo mbaya?

JUMATANO
Mathayo Aliondoka, Zakayo Alibaki

Soma Luka 5:27–32 na Luka 19:1–10. Linganisha walichofanya watu hawa wawili.

Wote wawili walishika kazi ya ushuru iliyoingiza fedha, na wote wawili walidharauliwa na watu wao. Lawi, ndiye Mathayo, aliitwa akiwa forodhani, akaacha vyote, akafuata. Zakayo alishuka mkuyuni, akatangaza kutoa nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichodhulumu. Biblia haisemi kwamba aliambiwa aache kazi. Yesu alisema wokovu umefika nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Utii wa mmoja ulikuwa kuondoka. Utii wa mwingine ulikuwa kuzifungua hesabu zake.

Historia ina mifano ya njia zote mbili. Charles Finney alikuwa akijifunza na kufanya kazi ya sheria katika mji wa Adams, jimbo la New York. Vitabu vya sheria vilitaja mara kwa mara sheria za Musa, akanunua Biblia ili aelewe. Alipoongoka mwezi Oktoba 1821, alimwambia mteja kwamba hataweza tena kusimamia shauri lake, akawa mhubiri.

Kwa upande mwingine yuko Zena. Tito 3:13 inamtaja kwa nusu ya fungu tu: mwana-sheria, anasafiri pamoja na Apolo, na Paulo anataka asipungukiwe na kitu njiani. Injili haikumfutia jina la taaluma yake.

Basi asiwepo wa kumhukumu aliyeondoka kuwa mpumbavu, wala aliyebaki kuwa mpenda fedha. Lakini anayetaka kuondoka akae chini ahesabu gharama, kama Luka 14:28 inavyofundisha. Ana mkopo wa nyumba? Ada za nani ziko mikononi mwake? Mwenzi wake anajua, au atasikia barua ikishapelekwa? Mtu anayetumia mshahara wote kila mwezi, hata uwe mkubwa kiasi gani, hana uhuru wa kuitika akiitwa. Kupunguza matumizi mwaka mmoja kabla kunaweza kuwa ndiyo hatua ya kwanza ya imani.

Kwa kutafakari: Kama Yesu angepita kazini kwako kesho, unadhani angesema "Nifuate", au angesema anataka kushinda nyumbani kwako?

ALHAMISI
Kwenye Lango la Mji

Soma Ayubu 29:11–17, Isaya 1:17. Ayubu alifurahia nini katika kazi ya hukumu?

Katika nyakati za Biblia mashauri yalisikilizwa langoni pa mji. Ayubu anapokumbuka siku zake njema, hataji ada aliyolipwa. Anamkumbuka maskini aliyelia akaokolewa, mjane aliyeimba kwa furaha, na shauri la mtu asiyemjua ambalo yeye alilichunguza mpaka akaelewa. Hiyo ni kazi ya sheria, na inamletea mtu shangwe miaka mingi baadaye.

Hata mtu asiye Mkristo amewahi kuugundua ukweli huu. Mwaka 1893 Mohandas Gandhi alifika Afrika Kusini akiwa wakili kijana, kusaidia katika kesi ya wafanyabiashara wawili wa ukoo mmoja. Madai yalikuwa pauni 40,000. Aliona kwamba gharama za mawakili zingewamaliza wote wawili. Akawashawishi waende kwa msuluhishi. Mteja wake aliposhinda, Gandhi akamwomba ampokee mwenzake malipo kidogo kidogo, asifilisike. Baadaye aliandika kwamba hapo ndipo alipojifunza kazi halisi ya wakili: kuunganisha waliofarakana.

Milango ya namna hiyo ipo hata leo. Kenya ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017, ili wasio na uwezo wapate wa kuwasaidia. Katika kila kanisa yumo mjane anayeogopa kunyang'anywa nyumba ya marehemu mumewe, na mzee asiyeelewa karatasi ya shamba aliyopewa kutia dole gumba. Wakili anayetenga alasiri moja kila mwezi kwa watu kama hao anaweza kugundua kwamba hakuichoka sheria. Alichoka kuitumia kwa wale tu wanaoweza kulipa.

Katika 1 Yohana 2:1 Yesu anaitwa kwa neno la Kigiriki lililotumika kwa mtu anayeitwa asimame upande wa mwingine mbele ya hakimu. Yeye humtetea asiye na cha kulipa.

Kwa kutafakari: Ujuzi wako, uwe wa sheria au wa useremala, unamfikia nani asiyeweza kukulipa?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 2015 watafiti Lawrence Krieger na Kennon Sheldon walichapisha matokeo ya kuwauliza mawakili zaidi ya 6,000 wa majimbo manne ya Marekani kuhusu maisha yao. Kipato kikubwa na alama za juu chuoni vilikuwa na uhusiano mdogo tu na furaha. Vilivyohusiana nayo sana ni kuwa na uhuru wa kutenda kulingana na dhamiri, kuimudu kazi, na kuwa na uhusiano mzuri na watu. Mawakili wa utumishi wa umma, waliolipwa kidogo, walieleza kuwa na furaha kuliko wenzao wa ofisi zenye malipo makubwa.

Mhubiri aliyajua hayo bila dodoso. Konzi moja yenye utulivu ilimtosha kuliko konzi mbili za taabu. Wakolosai 3:23, 24 inataja wa kufanyiwa kazi: Bwana, ambaye pia ndiye mlipaji. Aliyelijibu swali la "kwa ajili ya nani" anaweza kubaki ofisini bila kuwa mtumwa wake, na anaweza kuondoka bila kuwa mkimbizi.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini kanisa hushangilia mshiriki anapopata kazi ya mshahara mkubwa, lakini mara chache humwuliza baadaye kama ana amani? Darasa lenu linaweza kubadili nini?

2. Mwana aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo anataka kuacha kazi yenye malipo mazuri aende kwenye huduma ya kipato kidogo. Ana deni gani kwa ukoo wake, na deni hilo linaishia wapi? Jadilini mkitumia 1 Timotheo 5:8 na Mathayo 10:37.

3. Je, inawezekana mtu kuhama kazi na kuhama na utupu wake? Mhubiri angemshauri nini kabla hajafungasha?

4. Kama darasani yupo mwenye ujuzi wa sheria, pangeni naye siku moja ya kuwasikiliza wajane na wazee wa mtaa wenu. Kama hayupo, ulizeni ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nanyi iko wapi, na nani katika kanisa anahitaji kupelekwa huko juma lijalo.